Kisanduku cha Marehemu

Dada yangu alianza kwa kusema ugali ni mgumu. Tulimcheka, kwa sababu aliyeusonga ni yeye mwenyewe. Wiki chache baadaye akasema hata wali unamkwama, na huyo ni mtu wa Wenje, kijijini kwetu mtoni, aliyekula wali tangu alipoota jino la kwanza. Hapo hatukucheka tena.

Mimi wakati huo nilikuwa Garsen, kazini ofisini. Nikisema ofisini usinifikirie na tai shingoni. Nilikuwa mlinzi wa mchana, mfagiaji, mpika chai na mtu wa kutumwa, yote hayo ndani ya shati moja. Shule niliachia darasa la tatu, mwaka ambao mto ulipanda ukaingia darasani mpaka chini ya ubao, na maji yalipotoka, mwalimu naye alikuwa ameshatoka. Kusoma nasoma, lakini polepole, kama mtu anayepita kwenye matope na viatu vipya. Aliyenilea baada ya mama kufariki ni huyo dada. Alikuwa na miaka kumi na kitu, mimi mitano. Alinibeba mgongoni kwenda shambani na jembe mkononi, na nilipokuwa mzito akawa ananiburuta tu. Mpaka uzeeni akiniita aliniita "mtoto wewe", mbele ya wajukuu zangu.

Ofisi yetu ilikuwa ya jumuiya, vyumba viwili na kibaraza, kando ya barabara ya kwenda Minjila. Kazi yake kusaidia watu wasio na kompyuta. Leo cheti cha kuzaliwa, kesho kitambulisho, keshokutwa mtu anataka kujua ombi la mwanawe la chuo limefika wapi. Na jambo moja kubwa kuliko hayo: kulikuwa na hospitali kubwa ya pwani iliyoiandikisha ofisi yetu. Mgonjwa wa huku akitakiwa kupimwa kwa mashine zao, ofisi ilimwombea nafasi kwa mtandao. Nafasi zilifunguliwa kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne zimekwisha. Ombi lilikubaliwa likitoka kwenye laini ya ofisi tu. Ukilituma kwa simu yako, linarudishwa. Walifanya hivyo ili watu wa mjini wasizinyakue nafasi za watu wa huku mtoni. Walifikiria vizuri, sina neno nao.

Daktari wa huko karibu na nyumbani alimchungulia dada koo, akambonyeza huku na huku, akaandika barua. Akaniambia mimi, si yeye, "Huyu aingizwe kamera kooni, wamwangalie ndani. Na msikae."

Msikae. Neno fupi tu, lakini nimelala nalo na kuamka nalo.

Sasa kabla sijafika kwenye Jumatatu zenyewe, lazima nimlete marehemu. Majina sitayataja, walio hai wako na wenyewe, na waliokufa wako na watu wao.

Marehemu alikuwa Mworma, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe ndani ndani kule nyuma ya Minjila. Baba yake alimtaka machungani, yeye akataka mashine. Alijifundisha mwenyewe, sijui kwa vitabu gani, akawa ndiye mtunza kompyuta zote nne za ofisi yetu. Tulikaa naye miaka saba. Kila asubuhi nikimpelekea chai aliinusa kwanza.

"We mla ndizi, hii umenichemshia chai au umenichotea mto?"

"Lete maziwa basi, mfuata mikia. Ng'ombe wote wale mmewafuga wawe mapambo?"

"Maziwa yetu hayachanganywi na maji ya mamba."

Watu wetu Wapokomo na watu wao Waorma wamewahi kukosana vibaya, kila mtu wa mtoni anajua, sina haja ya kuyafukua. Sisi wawili tulikosana kwa chai tu. Mafuriko yalipobomoa nyumba yangu ndiye aliyenipa chumba, na mke wake alinipikia mwezi mzima bila kunionyesha kwamba amechoka. Nilikuwa mtu wa kula kwa kelele, halafu nina kikohozi. Alichoka, lazima alichoka.

Alhamisi moja alisema ana homa, akaondoka mapema. Jumamosi nikapata habari. Kabla ya swala ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Nilishika jeneza, nikatia udongo kwa mikono yangu, nikarudi Garsen nikakuta kikombe chake bado kina majani ya chai chini. Sikukiosha siku hiyo.

Mkubwa wetu ofisini alikuwa mama mmoja mwenye miwani, tuliyemwita Madamu. Siku ya saba akaniambia, "Mzee, vitu vya marehemu vikusanye, umpelekee mjane."

Nikakusanya. Kikombe cha bati, kofia ya mkono, redio ndogo, miwani, mkeka wa kuswalia. Nikaangalia tena kwenye kona yake, chini ya meza, nikaona kile kisanduku cheusi. Kilikuwa kidogo, kama mche wa sabuni, kina waya mmoja wa stima na mwingine wa buluu, na taa moja ya kijani inayopepesa. Nilikijua. Alikinunua Mombasa kwa fedha zake, na siku aliyokileta alisema mbele yangu, "Hiki ni changu, si cha ofisi. Siku wakinifukuza naondoka nacho." Akacheka, kwa sababu nani angemfukuza?

Nieleze jambo hapa, maana asiyelijua ataniona mjinga, na anayelijua pengine naye ataniona mjinga, lakini wa namna nyingine. Sisi tulifundishwa chuoni, madrasa, tungali wadogo, kwamba mtu akikata roho mali yake si yake tena, ni ya warithi. Hata sabuni yake. Ukiitumia kabla hawajapewa, umekula na mayatima. Baba yetu alipofariki, ami yangu alifungia mpaka chumvi kabatini, tukala mboga isiyo na chumvi siku tatu, watu wazima na watoto, mpaka warithi walipokaa wakagawana. Ndivyo nilivyokua. Basi nilipokiona kile kisanduku kinapepesa pale chini, nikakiona kinaitumikia ofisi na mwenyewe yuko udongoni, watoto wake watatu hawajapewa. Nikaona ni haramu iliyo wazi. Nikapiga magoti, nikachomoa waya wa stima. Taa ikazimika. Nikachomoa na wa buluu, nikauacha pale pale sakafuni, kwa kuwa waya ulikuwa wa ofisi.

Sikumwambia mtu. Sikuficha, nilitumwa kukusanya vitu vya marehemu, nikakusanya vitu vya marehemu. Jambo la kusema lilikuwa lipi?

Mjane alikuwa kwenye eda, ndani, haonekani. Mama mkwe wake alikaa mlangoni, na baina yangu na mjane kukatundikwa jamvi. Nikawa nataja kitu nakipitisha chini ya jamvi, naye anapokea.

"Kikombe."

"Nimekipata, baba."

"Kofia yake."

"Nimeipata."

"Redio. Betri zimekwisha."

"Haidhuru."

Miwani, mkeka. Mwisho nikasema, "Na hiki kisanduku cha kazi yake." Mkono wake ukatoka ukakichukua, na hina ya sikukuu ilikuwa bado haijafutika kwenye kucha. 

"Kilikuwa kikifanya nini, baba?"

"Sijui, mwanangu. Kilikuwa kikiwaka taa."

"Kimewaka mpaka lini?"

"Mpaka leo asubuhi."

Hapo ndipo nilipomsikia akilia. Kwa kikombe hakulia, kwa kofia hakulia. Mama mkwe akanishika bega, akasema, "Mpokomo mwaminifu wewe. Wengine wangekiuza." Nikapanda boda nikarudi Garsen nimetanua kifua. Nasema hili kwa aibu lakini ni kweli, nilijiona mtu mwema kupita wote barabarani.

Na mtandao wa ofisi ukaanza kuumwa.

Haukufa. Ungekufa tungejua la kufanya. Uliumwa kama mgonjwa wa malaria, asubuhi yuko kitandani, mchana anakula, jioni anatetemeka. Madamu anaandika jina la mahali anapotaka kwenda, mashine inazunguka, inazunguka, halafu inamwambia hapajulikani. Anaandika tena jina lile lile, panafunguka. Mashine ya tatu ilikuwa inakumbuka mahali pengine palipofunguliwa jana, ya kwanza haikumbuki chochote. Tukasema ya tatu ina baraka, tukaanza kupanga foleni kwenye ya tatu, nayo ikaacha kukumbuka.

Jumatatu ya kwanza ya dada, nilisimama nyuma ya Madamu na barua ya daktari mkononi kuanzia saa mbili kasoro. Wakati huo dada alikuwa anameza wali uliotiwa mchuzi mwingi. Saa mbili Madamu akaandika jina la hospitali. Hapajulikani. Akaandika tena. Hapajulikani. Saa tatu unusu pakafunguka, tukajaza jina la dada na umri, na mashine ikatuambia nafasi za wiki hii zimekwisha.

"Wiki ijayo, mzee," Madamu akasema.

Jumatatu ya pili haikufunguka kabisa. Dada alikuwa ameacha wali, anakula ndizi zilizopondwa.

Tulijaribu kila kitu ambacho watu wasiojua hujaribu. Watu wa kampuni iliyotuuzia laini walisema kwenye simu, "Zimeni, mwashe." Ikawa ndiyo kazi yangu, kila asubuhi kabla ya chai nazima rauta, ile mashine inayogawa mtandao, nahesabu mpaka thelathini, nawasha. Kuna siku ilifaa, na siku hiyo nikajiona fundi. Tukasema ni tumbili wanaocheza juu ya bati wanasogeza ile sahani ya mtandao. Nikapanda na umri wangu huu, nikaifunga kwa waya wa ua, nikakaa na manati kibarazani siku mbili. Tumbili wakahama, ugonjwa ukabaki. Tukasema ni mvua. Mvua ikakatika. Madamu akanunua nyaya mpya kutoka Malindi, akabadilisha zote zilizoonekana juu ya meza.

Zilizoonekana juu ya meza.

"Angekuwepo marehemu," Madamu alisema siku hiyo, "hata tusingejua kama kuna tatizo."

Nikamjibu, "Ni kweli kabisa, Madamu." Nilikuwa naosha vikombe.

Jumatatu ya tatu, dada anakunywa uji. Madamu akampigia simu fundi mmoja wa Hola, akaambiwa barabara imeliwa na maji, ikipitika fundi atakuja. Jumatatu ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu ilianza vizuri. Pakafunguka saa mbili na dakika chache. Tukajaza jina, umri, kijiji, tukaingiza picha ya barua. Madamu akasema bismillahi, na yeye ni Mkristo, akabonyeza tuma. Ikazunguka. Nikawa naiangalia kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa. Ikasema mahali hapo hapajulikani. Tulikuwa tumo ndani yake! Madamu akavua miwani akaweka uso kwenye mikono yake. Mimi nikatoka nje, nikafagia mahali palipofagiwa.

Jioni nikampigia dada.

"Wamekupa?"

"Bado. Mtandao ulikatika mwishoni."

"Mtoto wewe, huo mtandao ni mtu gani hasa, niende nikaongee naye?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamsikia mkwewe, mke wa mwanawe, akimwambia alale upande.

Jumatatu ya tano uji mwepesi. Ya sita, maziwa, nayo kwa kijiko. Leso aliyojifunga kiunoni ilimzunguka mara mbili. Nilikwenda Wenje mwenyewe nikamwona, nikarudi Garsen jioni ile ile.

Fundi alifika Jumatano baada ya hiyo ya sita. Nilitarajia mwanamume; akashuka mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, na begi begani, anapumua kama amepanda kilima. Nikamkimbizia kiti na maji.

"Shikamoo babu. Mna chai?"

"Ipo."

"Basi hapa nitapona."

Hakugusa rauta. Alikaa kwenye mashine ya kwanza, akaandika tarakimu, mstari mmoja, na mashine ikaanza kujibu, mistari ikishuka harakaharaka. Kisha akaandika jina. Kimya. Akasubiri akinywa chai. Jina likajibiwa. Akaandika jina lingine. Kimya, kimya moja kwa moja. Akafanya hivyo kwenye zote nne. Nilikuwa nimesimama pembeni na birika. Nikamuuliza amepata nini.

"Njia yenu ni nzima, babu. Shida ni majina."

"Majina gani?"

"Mashine haijui majina, inajua namba tu. Wewe ukiandika jina la hospitali, yenyewe inamuuliza mwingine, huyu anakaa namba ngapi? Ikijibiwa ndiyo inakwenda."

"Na isipojibiwa?"

"Inangoja. Ikichoka inamuuliza wa pili. Wa pili wenu yuko mbali, halafu laini yenu ni dhaifu. Mara amesikia, mara hakusikia."

"Na wa kwanza?"

"Huyo ndiye namtafuta." Akaonyesha namba kwenye kioo. "Mtu ameziandikia mashine zote kwa mkono, zimuulize huyu kwanza. Na huyu hayuko mbali, yuko humu humu ndani ya ofisi. Amefanya kazi nzuri huyo mtu, majina mkishayauliza mara moja yanakaa hapa hapa, hamhangaiki na laini. Lakini sasa hivi anaulizwa na hajibu."

Madamu akasema, "Ni marehemu aliyeweka hayo."

"Pole. Aliweka wapi?"

Hakuna aliyejua. Fundi akasema tufuate nyaya mpaka mwisho wake mmoja mmoja, akaangalia chini ya meza, akaangalia tumbo lake, akaniangalia mimi. "Babu, utanisaidia? Mimi nikiingia humo mtaniita mkunga."

Nikaingia. Kulikuwa na vumbi, na mimi ndiye mfagiaji. Yeye anaushika waya juu, anautikisa, mimi chini naushika unaotikisika, naufuata kwa mkono mpaka mwisho. Wa kwanza ukafika mashine ya pili. Mwingine ukafika kwenye printa. Akatikisa wa tatu, wa buluu, nikausikia unatambaa kwenye sakafu upande wa kona. Nikaufuata kwa magoti. Nikaushika mwisho wake. Haukuwa umeingia popote.

"Umefika wapi, babu?"

Nikaupapasa tena ule mwisho.

"Babu? Umechomekwa kwenye nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti pale pale nilipopiga siku ile. Ukiwa chini ya meza hakuna anayekuona uso, na nilikaa humo kuliko ilivyohitajika. Mkononi nina waya, na kichwani nina wali, ndizi, uji, maziwa, vyote kwa mpangilio wake.

Nikatoka nikasema. Sikupunguza wala sikuzungusha. Nikasema kulikuwa na kisanduku, kilikuwa mali ya marehemu, nikakichukua nikakipeleka kwa warithi siku ya saba.

 Madamu akasema taratibu, "Mimi ndiye niliyekutuma, mzee."

"Ulinituma vitu. Hukunituma kile."

"Wewe ungejuaje?"

"Kilikuwa kinawaka, Madamu. Kitu kinachowaka kina kazi."

Nikataka kupanda boda nikakiombe kwa mjane, ijapokuwa sikujua ningesema nini mbele ya lile jamvi. Fundi akanikataza. Hakihitajiki, akasema, atazielekeza mashine kwingine. Akakaa kwenye ya kwanza, akaifuta namba ya marehemu, akaandika nyingine. Akahamia ya pili akafuta. Ya tatu. Ya nne. Muda aliotumia ni chini ya ule wa kuchemsha birika. Aliandika jina la hospitali na pakafunguka kabla hajaondoa kidole.

Wiki zote zile, mashine nne zilikuwa zinamuuliza marehemu kwanza kila asubuhi, na mimi nawapikia chai watu walioketi mbele yazo. Fundi alipomaliza ya nne, nikaona hapo ofisini sasa hakuna kitu kinachomjua tena, na nikaenda nje nikamlilia rafiki yangu, jambo ambalo makaburini sikulifanya.

Jumatatu ya saba saa mbili na dakika moja dada akapata nafasi. Siku iliyotolewa ilikuwa wiki tatu mbele.

Tulimpeleka pwani kwa gari la kukodi, amelala kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja la mkwewe. Wakamwingiza kamera. Daktari akaniita ofisini kwake peke yangu, akaniambia uvimbe umeziba njia na umeshuka, kilichobaki ni kumwekea mrija apitishe maziwa, arudi nyumbani. Akasema, "Mngekuja mapema tungejaribu zaidi."

Nikamuuliza, "Mapema kiasi gani?"

"Mzee wangu, siwezi kukwambia hivyo."

"Wiki sita?"

Akanitazama. Nadhani aliona kwamba siulizi kama wanavyouliza wengine. "Sijui," akasema. "Kweli sijui. Pengine ingekuwa vile vile."

Nimeligeuza hilo "pengine" pande zote. Kuna siku linanipa usingizi, kuna siku linaninyima.

Nilimwambia dada tukiwa Wenje, baada ya adhuhuri, watu wa nyumbani wameenda shamba. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyenilazimisha. Lakini mtu aliyekulea huwezi kumtilia maziwa mrijani kila siku na huku umeshika kitu kingine mdomoni. Nikamweleza kisanduku, na eda, na waya, na namba, kwa lugha yetu ya nyumbani, na hata huko neno la mtandao halipo, nililazimika kusema "yule anayeulizwa". Alisikiliza mpaka mwisho macho ameyafumba.

"Mjane alivipokea vyote?" akauliza. Sauti ilikuwa pumzi tu, nikasogeza sikio.

"Alivipokea."

"Na wewe hukumuuliza mtu hicho kitu kina kazi gani."

"Sikuuliza."

"Ungeuliza tu," akasema. "Tangu mdogo huulizi. Unaona kitu, unakichukua, unakwenda."

Nilikuwa nangoja anipige kofi au anisamehe, na alivyosema ni kama mtu anayenigombeza kwa kuingia nyumbani na matope miguuni. Akageuza uso ukutani. Nikakaa. Baada ya kitambo akasema midomo imekauka, nikaichovya pamba kwenye maji nikampangusa, na tukakaa hivyo mpaka waliokwenda shamba wakarudi.

Siku zake za mwisho watu walikuja kuagana naye, kama desturi. Kila mmoja anaingia, anakaa kwenye mkeka, anamwomba radhi, naye anasema amesamehe, na yeye asamehewe. Nami nilingoja zamu yangu nikaingia. Nikamwomba. Akasema, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Kabla yangu alikuwa ameingia jirani ambaye mbuzi wake walimmalizia mahindi yote msimu uliopita, mtu waliyegombana naye mpaka kwa chifu, na nilikuwa mlangoni nikasikia alivyomwambia. Maneno yale yale, na kwa sauti ile ile.

Tulimzika karibu na mama. Watu huniambia, si alikusamehe, unataka nini tena? Nawaambia ndiyo, alinisamehe. Sijui kama ni mimi alikuwa ananisamehe au ni watu wote, na wa kumuuliza ni yeye.